Sweta la Elfu Mbili

Alhamisi ndiyo siku balo linakatwa Kadutu.
Mande hugonga dirisha langu kabla jogoo wa jirani hajamaliza,
ndala miguuni, viatu vya heshima ndani ya mfuko,
maana mvua ya Bukavu ikinyesha usiku
asubuhi mlima wenyewe unataka kuteremka nasi.
"Amka, mtu wa Kindu! Kizuri hakina ndugu."

Pesa hatuna. Macho tunayo.

Cirhuza anakata kamba,
balo linahema,
harufu inatoka: dawa ya nondo, ghala,
baridi ya miji tusiyoijua majina.
"Chagua mama, chagua, chagua!"
Nasi tunainama na wenzetu, mikono ikitangulia macho,
vidole vikiuliza: pamba hii, au uongo?

Humu ndimo tulimotoa pazia la maua ya zambarau
lililokuja kuwa gauni langu la Pasaka.
Pindoni ilibaki pete moja ya shaba, sikuiona
hadi ilipolia sakafuni, kanisa zima kimya, nikipiga goti.
Humu tulitoa koti lenye karatasi mfukoni,
mwandiko mwembamba, lugha isiyo ya mtu wa hapa.
Mande anasema ni barua ya mapenzi.
Mimi nasema ni orodha ya madeni.
Tulibishana mpaka sombe ikashika chungu.
Karatasi ipo bado, tumeibandika juu ya cherehani;
mgeni akiuliza, kila mmoja anamjibu lake.

Leo, chini kabisa ya rundo, sweta.
Rangi ya kutu. Na si kutu yoyote: ni ile ya reli
iliyonipaka sketi kituoni Kindu, nikiwa mdogo, pembeni ya baba,
tukingoja treni iliyosema Jumanne
ikaja Ijumaa.
Sikumwambia Mande. Nililishika tu.
Naye akanitazama, akamgeukia Cirhuza:
"Elfu mbili. Na tundu la kwapa tunakuachia bure."

Kiwikoni kuna kiraka cha buluu,
mshono mfupi mfupi, haukimbii.
Mtu alikaa mahali fulani, akavaa miwani, akalihurumia.

Jioni umeme umekwenda zake.
Tunawasha mshumaa kwenye kopo la nyanya, tunafumua.
Mimi nashika, Mande anavuta.
Shingo inakwenda. Bega linakwenda.
Uzi unatoka umejikunjakunja kama nywele zilizofunguliwa msuko,
haujajua bado kwamba sweta limekwisha.
Mande anaongea: Manono, dada yake,
bati la nyumba ya mama, nani amelipigilia tena,
miaka tisa sasa,
na kila anachotaja anavuta haraka zaidi
mpaka nampigia kelele, polepole, utakata!
Anacheka. Ananipimia mkono kwa shibiri:
"Mikono mirefu hii! Utanifilisi."

Sindano zetu ni spoki za baiskeli, tumezinoa kwenye ngazi.
Sufi haitoshi masweta mawili. Basi litakuwa moja:
Jumapili langu, siku za baridi lake,
na siku za ugomvi litalala kwa jirani.
Kiraka hatukukifumua. Hakuna aliyesema tusikifumue,
mikono ilifika pale, ikazunguka.
Tutakishona kwa ndani.

Uzi tumeuosha, tumeuning'iniza kwenye msumari
na jiwe la kusagia pilipili chini yake, upate kunyooka.
Usiku nikasikia tone, tone, ndani ya beseni,
nikadhani paa linavuja,
nikaamka nikasogeza kitanda.

Asubuhi si Alhamisi. Dirisha linagongwa:
"Wee! Jiwe limeshuka kiasi gani?"